Jiko Lipande, Goti Lipumzike

Sufuria zetu nyingi hazina mikono. Zina ukingo tu, uliokunjwa nje kidogo, na anayeepua huushika kwa vitambaa viwili, kidole gumba juu na vingine chini, akabana na kuinua. Ndani mna maharagwe ya watu wanane, au chai ya wageni waliobisha hodi bila taarifa. Kwa mwenye mikono mizima hilo ni jambo la kufumba na kufumbua. Kwa mama wa Ekero ambaye shina la kidole gumba limevimba, ndiyo kazi anayoiogopa tangu maji yaanze kuchemka.

Uoga huo si wa bure. Mwaka 1977 watafiti wawili wa Mayo Clinic huko Marekani, Cooney na Chao, walikokotoa nguvu zinazopita ndani ya kidole gumba mtu anapobana kitu. Walikuta kwamba ukibana kwa nguvu ya kilo 1 tu kwenye ncha za vidole, kiungo cha shina la gumba, pale karibu na kifundo cha mkono, hubebeshwa kama kilo 12. Sufuria ya maharagwe haibanwi kwa kilo moja. Mama anayesema kidole "kinapasuka" hatii chumvi.

Ekero ni soko la pembezoni mwa mji wa Mumias, katika Kaunti ya Kakamega, na watu wake wamefanya kazi za nguvu maisha yao yote. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa mwaka 1971, kiwanda kikaanza kusaga miwa 1973, na tangu hapo hadi kampuni ilipowekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, miwa ndiyo iliyoendesha maisha hapa. Ilipandwa, ikapaliliwa, ikakatwa kwa panga, ikapakiwa kwa mabega. Waliokuwa vijana wakati ule sasa ni wazee, na kuinama, kupiga magoti na kuinua mizigo mizito kwa miaka mingi ni miongoni mwa mambo yanayojulikana kuharakisha kuchakaa kwa viungo. Wanaume wengi walipostaafu waliweka panga chini. Wake zao hawakustaafu. Waliporudi kutoka shambani waliingia jikoni, na humo jikoni wangali.

Kuna aina nyingi za ugonjwa wa viungo, lakini tatu ndizo zinazosumbua zaidi. Ya kwanza ni ya kuchakaa: gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, huliwa polepole, na goti, nyonga au vidole vikaanza kuuma hasa baada ya kazi. Ya pili ni baridi yabisi, ambapo kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vyenyewe. Hii haingoji uzee. Huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, hupenda viungo vidogo vya mikono yote miwili, na asubuhi humwacha mtu amekakamaa kwa saa nzima au zaidi, wakati mwenye viungo vilivyochakaa kwa kawaida hulegea ndani ya nusu saa. Ya tatu ni jongo, linalovamia usiku na kuwasha moto kwenye kidole kikubwa cha mguu, na ambalo pombe na vyakula kama maini na omena hulichochea. Mvua za Mumias hazisababishi hata moja kati ya hizo, ingawa baridi ya alfajiri kweli huongeza kukakamaa.

Dawa zina nafasi yake, na nitazifikia. Lakini dawa haichoti maji. Ukiziangalia nyumba za huku kwa jicho la mwenye goti bovu, utaona jambo ambalo mwenye afya halioni: karibu kazi yote iko chini. Mafiga yako chini, na jerikani pia, na beseni la kufulia. Mboga huchambuliwa kwenye kigoda kisichofika hata nusu ya muundi. Ufagio ni mfupi, sakafu ya udongo husilibwa kwa magoti na viganja, choo ni tundu ardhini. Mama wa nyumbani huinama na kuchuchumaa tangu jogoo la kwanza, na kila kuchuchumaa kunataka kuinuka. Kwa hiyo ushauri ulio bora kwa mtu wa Ekero hauanzi na mafuta ya kuchua. Unaanza na kuipandisha kazi.

Tuanze na moto, kwa kuwa ndio unaompotezea mama muda mwingi zaidi akiwa amekunja magoti. Katika miaka ya 1980 chama cha Maendeleo ya Wanawake, kikisaidiwa na shirika la Ujerumani la GTZ, kilisambaza nchini jiko la kuni lenye kauri ya udongo uliochomwa, ambalo hujengewa mawe na udongo pembeni. Liliitwa jiko la Maendeleo, baadaye likajulikana kama Upesi, na wengi huliita jiko kisasa. Nia ilikuwa kupunguza kuni na moshi. Lakini kauri ile haijali imekaa juu ya nini. Ukiijengea chini, utaendelea kuinama. Ukiijengea juu ya jukwaa la matofali na udongo, mama anapika akiwa amesimama au ameketi kwenye kiti cha kawaida, na watoto wanaotambaa hawaufikii moto. Udongo ni ule ule, fundi ni yule yule. Kilichoongezeka ni matofali ya kumwinua mtu.

Hapa pana kosa ambalo mafundi hulifanya kwa nia njema. Hupima urefu wa jiko, wakasahau sufuria. Jiko likifika kiunoni, sufuria ya ugali juu yake hufika karibu na kwapa, na mpishi hulazimika kuinua mabega ili asonge. Kipimo sahihi ni cha kiwiko. Mama asimame, viatu vya jikoni miguuni, akunje mkono. Kisha sufuria anayoitumia kila siku ishikiliwe mbele yake hadi ukingo wake uwe chini ya kiwiko kwa zaidi kidogo ya upana wa kiganja. Kitako cha sufuria kinapoishia ndipo jiko linapoanzia. Akipenda kupika ameketi, apimwe ameketi. Nyumba yenye mama mkwe mfupi na mkaza mwana mrefu itabidi imchague mwenye maumivu.

Ugali, obusuma, ndio mtihani wenyewe. Ugali wa huku ni mgumu, wa kukatika, na fahari ya mpishi iko hapo. Mkono mmoja unashikilia sufuria isizunguke, mwingine unasukuma mwiko ndani ya donge linalozidi kukaza, na kifundo cha mkono kinapinda kila mzunguko. Nusu ya taabu hiyo inatoka kwenye sufuria kucheza. Kauri ya jiko kisasa ikiikamata sufuria vizuri, mkono wa kushikilia unaachiliwa, na sasa mwiko unaweza kushikwa kwa mikono miwili, nguvu ikitoka begani badala ya kwenye vidole. Mwiko uwe mrefu na mpini wake uwe mnene. Donge likishaanza kushika, punguza moto, funika, uache mvuke uivishe kabla ya kurudi kulisonga. Na kama nyumba ni ya watu kumi, pika sufuria mbili ndogo moja baada ya nyingine. Wapo watakaosema ugali wa namna hiyo si ugali. Wapewe mwiko.

Kuhusu sufuria zenyewe, dawa iko kwa fundi wa jua kali. Anayeweza kutengeneza karai anaweza kupiga ribiti mikono miwili kwenye sufuria, mmoja kila upande, mipana kiasi cha kupitisha vidole vinne. Ukiepua kwa kupitisha vidole chini ya mkono wa sufuria na kuiegemeza kwenye viganja, gumba linapumzika. Bora zaidi ni kutoepua kabisa: chota chai kwa upawa iingie kwenye chupa, chota maharagwe, uache sufuria ipoe hapo hapo jikoni. Sufuria ya viazi yenye maji ya moto haihitaji kuinamishwa kwenye beseni ikiwa viazi vinaweza kutolewa kwa kijiko chenye matundu.

Kuna hadithi ya Marekani inayofanana na hii. Sam Farber, mfanyabiashara wa vyombo vya jikoni aliyekuwa amestaafu, alimwona mkewe Betsey akihangaika na kisu cha kumenyea kwa sababu mikono yake ilikuwa na ugonjwa wa viungo. Mpini ulikuwa chuma chembamba. Akawaendea wabunifu, na mwaka 1990 vikaingia sokoni vyombo vya OXO Good Grips, vyenye mipini minene ya mpira mweusi, ambavyo vilinunuliwa hata na watu wasioumwa chochote. Siri yote iko kwenye unene. Kadiri mpini unavyokuwa mwembamba, ndivyo vidole vinavyolazimika kujikunja na kukaza zaidi ili kisu kisiteleze.

Ekero haihitaji kumngoja Farber. Baiskeli na pikipiki zinazopita hapo huacha nyuma tyubu zilizotoboka, na mpira wa tyubu ndio ule ule ambao watu hufungia mizigo. Kata ukanda wa upana wa vidole viwili, uoshe kwa sabuni mpaka unga mweupe utoke. Anzia mwisho wa mpini wa kisu, ukivuta ukanda ukaze, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia, ukipanda kuelekea kwenye ubapa wa kisu na kurudi tena, hadi ukishika kisu ncha za vidole zisikaribie kiganja. Mwisho wa ukanda uchomeke chini ya mzunguko wa mwisho na uuvute kwa koleo. Ukikosa koleo, mwambie kijana. Mpira huo hautelezi kwa urahisi. Fanya vivyo hivyo kwa mwiko, kwa upawa, kwa mpini wa jembe, kwa mswaki, kwa kalamu ya mtoto wa shule ikiwa naye ni mgonjwa, maana watoto pia huugua. Kipande kilichobaki, cha ukubwa wa kiganja, ndicho kifungua mfuniko: kiweke juu ya chupa ya jamu au ya mafuta, bonyeza kwa kiganja kizima, zungusha kwa mkono mzima toka begani.

Mambo haya yana jina katika taaluma ya tiba kazi: kulinda viungo. Joy Cordery, mtaalamu wa fani hiyo, aliyaeleza katika makala ya mwaka 1965, na tangu wakati huo yamefundishwa duniani kote bila kubadilika sana. Tumia kiungo kikubwa mahali ambapo kidogo kingeumia. Usikae katika mkao mmoja mpaka ukakamae. Pumzika kabla ya kuchoka. Maumivu yakizidi saa moja au mbili baada ya kazi, kazi ile ilikuwa kubwa mno au ndefu mno, kesho igawanye. Kenya imekuwa ikisomesha wataalamu wa tiba kazi tangu miongo mingi iliyopita, na ina sheria ya kuwasajili ya mwaka 2014, lakini mgonjwa wa kijijini mara nyingi hupewa vidonge na kurudishwa nyumbani bila mtu kumuuliza anapikaje.

Maji nayo. Jerikani ya kawaida ni ya lita 20, na lita ya maji ni kilo. Hakuna goti lililochakaa linalopaswa kuinua kilo 20 kutoka ardhini hadi kichwani. Zikiwa za lita 5 safari zitaongezeka, lakini hapo ndipo baiskeli ya mzee inapopaswa kuonekana. Wanaume wa huku huipakia baiskeli magunia ya mahindi na hata viti vya sebuleni. Jerikani nne haziwezi kuishinda. Mkokoteni au toroli la ujenzi pia linafaa. Nyumba yenye mabati na mfereji wa kukinga mvua, katika eneo linalopata mvua kama hili, inaweza kumpunguzia mama safari za mtoni kwa miezi kadhaa ya mwaka, ikiwa pipa limewekwa juu ya msingi na lina koki ya chini. Koki iwe ya kusukuma, si ya kuzungusha. Na kwa kunawa mikono, kile kibuyu chirizi ambacho watu wa afya ya jamii walifundisha kujenga karibu na choo, kidumu kinachoinamishwa kwa kukanyaga kijiti, kinamfaa mwenye vidole vibovu kuliko bomba la mjini: hakina cha kuzungusha.

Kufua kuna adui mmoja mkubwa, nako ni kukamua. Kusokota blanketi au suruali ya jinzi kunapinda vifundo vyote viwili kwa wakati mmoja, tena pande tofauti. Loweka usiku, asubuhi uchafu utakuwa umelegea. Beseni liwe juu ya meza au benchi. Nguo nyepesi ikandamize kwa viganja vilivyo wazi dhidi ya ubavu wa beseni, kisha ianikwe ikitiririka. Jua la mchana litafanya yaliyobaki. Nzito izungushe kwenye nguzo ya kamba, ushike ncha zote mbili pamoja, na uvute kwa kuegemea nyuma na mwili wote. Vibanio vya nguo vinabana kidole gumba kabla havijabana nguo: tumia kamba mbili zilizosokotwa pamoja na uchomeke pembe ya nguo katikati. Kamba yenyewe ishushwe ifike kifuani.

Sakafu ya udongo sina maneno mazuri kuihusu. Kuisiliba kwa samadi kila baada ya muda kunataka mtu awe magotini, na kwa mgonjwa hilo ni jambo la kukabidhi, si la kurahisisha. Ufagio ni rahisi zaidi: ufunge kwenye fimbo ndefu. Mopu yenye mti inashinda tambara, ila usiikamue kwa mikono; ikandamize kwenye ndoo kwa kuusukuma mti.

Mahindi yanapovunwa, kupukuchua huwaangukia wanawake na watoto, na humalizia kazi ile ile iliyoanzwa na sufuria: kidole gumba kinang'oa punje mstari kwa mstari. Mchezo wa gunzi kwa gunzi, yaani kuusugua muhindi kwa gunzi tupu lililoshikwa kwa kiganja, unahamisha kazi kutoka gumba hadi mkono. Kuyapiga kwenye gunia ni kazi ya vijana. Penye mashine ya kupukuchua, lipeni. Ni bei ndogo ukilinganisha na dawa. Mboga za kienyeji, mrenda, kunde na saga, hupendeza ulimi na kuchosha vidole, kwa hiyo zichambuliwe zikiwa kwenye ungo uliowekwa mezani, kidogo jioni na kidogo asubuhi, mama akiwa ameketi kwenye kiti chenye egemeo.

Kiti hicho kipo. Nyumba nyingi ninazozijua zina viti vya plastiki vilivyopangwa kimoja juu ya kingine sebuleni, vikingoja wageni na matanga, huku mwenye nyumba akichambua mboga kwenye kigoda. Sielewi adabu ya namna hiyo. Kiti ambacho makalio yako sawa na magoti au juu kidogo kinamwezesha mtu kuinuka kwa kusogea mbele, kuweka nyayo chini na kusukuma kwa viganja, badala ya kuning'inia kwenye bega la mtoto. Kimoja kati ya hivyo kihamie jikoni leo.

Choo hakizungumzwi, ndiyo maana kinaumiza. Mwenye magoti mabovu akila vizuri na kunywa maji vizuri, bado atajizuia kwa sababu anaogopa kuchuchumaa na kushindwa kuinuka. Wengine hupunguza kunywa maji makusudi, wakaongeza kufunga choo juu ya maumivu. Seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu, kikapangwa juu ya shimo la choo: miguu minne imara, urefu wa goti, tundu lenye mfuniko, uso uliopakwa rangi ya mafuta ili uoshwe. Kando yake nguzo mbili za mkaratusi zisimikwe ardhini za kushikia. Kazi ya siku moja. Bafu nalo lipate jiwe bapa au kiti, na beseni liwekwe juu yake, si chini.

Mumias ina Waislamu wengi tangu enzi za ufalme wa Wanga, na kwa wazee wao kukakamaa kwa alfajiri hukutana na wakati wa kutawadha. Maji ya uvuguvugu kwenye birika nyepesi yanakidhi haja mbili kwa pamoja: mikono ikikaa humo kwa dakika chache, vidole vinafunguka. Na dini yenyewe haimlazimishi asiyeweza kusujudu. Kuswali kwa kuketi kumeruhusiwa kwa mwenye udhuru. Wapo wanaoona haya kuomba kiti msikitini, kama wapo wanaoona haya kubaki wamekaa kanisani wenzao wakipiga magoti. Jirani anayemletea mzee kiti bila kuombwa amefanya zaidi ya mhubiri.

Kuona haya ndicho kikwazo kikubwa hata nyumbani. Mwanamke wa huku hupimwa kwa mwiko na jembe, na anayeketi mchana hupewa majina. Kukhu, yaani nyanya, anayemwachia mjukuu kupika anaogopa kuambiwa amechoka, na kuchoka huku kuna maana mbaya. Baridi yabisi ina ujanja wa kutoonekana: mtu huamka hawezi kufunga leso kiunoni, saa nne asubuhi anatembea sokoni, na waliomwona saa nne hawaamini habari za saa kumi na mbili. Ndugu wakiijua tabia hiyo ya ugonjwa watapanga kazi kulingana nayo. Kazi nzito za nyumba zihamie kati ya saa nne na saa nane, vijana wawashe moto wa asubuhi, na kwenye matanga, ambako sufuria ni kubwa kama pipa, mama mwenye vidole vibovu apewe daftari la michango. Vyama vya wanawake vinavyonunuliana vyombo kwa zamu vingeweza siku moja kununua mikokoteni ya maji badala ya seti ya sahani.

Mwili usiachwe ulale kabisa, hata hivyo. Goti lisilotembea hudhoofisha misuli ya paja, na misuli hiyo ndiyo inayolinda goti. Kutembea kwenye njia tambarare ni dawa. Fimbo ishikwe na mkono wa upande usiouma, si ule wa upande wa goti bovu kama wengi wafanyavyo. Uzito nao una hesabu yake: utafiti wa Stephen Messier na wenzake uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo anayopunguza mtu mnene mwenye goti bovu hulipunguzia goti lake mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Kilo tano zikipungua, ni kama jerikani nzima imetuliwa kila unapokanyaga.

Sasa dawa. Vidonge vya maumivu vya dukani, kama diklofenaki na ibuprofeni, husaidia kwa siku chache, lakini vikimezwa miezi na miezi bila daktari vinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo, hasa kwa wazee na wenye shinikizo la damu. Unga na chupa zisizo na jina zinazouzwa ndani ya matatu na sokoni zina hatari nyingine: katika nchi mbalimbali, dawa za "mitishamba" za viungo zimekutwa zimetiwa steroidi. Mtu hupata nafuu ya ajabu wiki ya kwanza, uso ukajaa, sukari ikapanda, mifupa ikadhoofika. Mwenye vidole vilivyovimba mikono yote miwili kwa zaidi ya wiki sita asingoje. Baridi yabisi ikitibiwa mapema, uwezekano wa vidole kupinda hupungua sana, na dawa yake kuu, methotrexeti, humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kumeua watu, kwa hiyo siku ya dawa iandikwe ukutani kwa herufi kubwa.

Kutoka Ekero, Hospitali ya Misheni ya St. Mary's Mumias iko karibu, na hospitali ya rufaa ya kaunti iko mjini Kakamega, kama kilomita 30. Jisajili kwanza na SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Ukifika, uliza kama kuna mtu wa tiba kazi au wa fiziotherapia, na usiende mikono mitupu. Beba kisu chako, mwiko wako na kitambaa cha kuepulia, hata wauguzi wakicheka. Mwombe mtaalamu atazame unavyovishika, kwa sababu mkono uliolala juu ya meza ya daktari hausemi chochote kuhusu ugali. Ukiwa na simu, piga picha jiko, choo na mahali unapofulia, mtu akiwa amesimama kando yake ili urefu uonekane. Kama atakushauri kupandisha kitu, mwombe akuandikie vipimo kwa sentimita, umpelekee fundi.